Picha Kumi na Moja za Laos: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salaam aleikum. Huku Mombasa sote ni wazima, mamako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umepata likizo ya Machi, baiskeli umeshanunua, na mwataka wewe na mwenzako mtoke Vientiane hadi Luang Prabang, njia ile ile niliyopita mimi. Mwisho ukauliza jambo ambalo naona limekukaa siku nyingi: "Baba, ulikaa Laos wiki tatu ukarudi na picha kumi na moja. Kila tukikuuliza wasema ni nchi nzuri, basi. Niambie ukweli, kulikuwaje?"

Sikuwa naficha kitu, mamangu. Nilikuwa sijui nianzie wapi, na mezani kwetu kila mtu asema kwa wakati mmoja. Sasa nimekaa barazani na karatasi, acha nikueleze.

Kwanza hilo la Machi. Usiende Machi. Kuanzia mwisho wa Februari hadi Aprili watu wa milimani huchoma mashamba kabla ya mvua, na moshi hujaa mabondeni hata mlima ulio mbele yako huuoni. Mwenye gari hufunga dirisha akaenda zake. Wewe utakuwa unapanda saa tatu mfululizo, unavuta pumzi mpaka mwisho wa mapafu, na kila pumzi ni moshi. Omba likizo ya Novemba au Desemba. Mimi nilikwenda Januari 2019, anga ilikuwa nyeupe safi, lakini nguo za baridi sikuwa nazo za kutosha. Mji wa Phonsavan uko juu zaidi ya mita elfu moja. Usiku nilivaa kila nilichokuwa nacho, soksi nikazivaa mikononi.

Unakumbuka nilikwenda kumtembelea ami yako Bangkok, wakati ule alipokuwa akiuza vito. Viza ya Laos niliichukua hukohuko ubalozini. Kwa pasipoti yetu usitegemee kupewa mpakani, uliza mapema. Nikapanda treni ya usiku hadi Nong Khai, baiskeli kwenye behewa la mizigo, asubuhi nikavuka Mekong juu ya daraja nikawa Vientiane. Mji mkuu wenyewe ni mpole, hauna kelele kama yetu. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Karibu na chemchemi ya katikati ya mji kuna msikiti wa Jamia uliojengwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka kusini mwa India, na ndani utaona maandishi ya Kitamil. Upo na mwingine, wa Wacham, Waislamu wa Kambodia waliokimbia kwao wakati wa utawala katili wa Khmer Rouge. Misikiti miwili katika mji mkuu mzima wa watu wa Budha. Niliswali Jamia, na baada ya sala mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa. Akanikalisha nikala naye biriani, na mle ndani nikajihisi niko Makadara.

Nakutajia biriani hiyo kwa sababu ilikuwa ya mwisho. Ukitoka Vientiane chakula halali ni kujitafutia mwenyewe. Supu ya tambi utaipata kila mahali, lakini mchuzi wake mara nyingi ni wa nguruwe hata kama nyama huioni. Milimani utakuta wanawake wameanika kando ya barabara kindi, panya wa porini na ndege, wamefungwa miguu pamoja, wanauzwa. Mimi niliishi kwa mayai, ndizi, samaki wa kopo na wali wao wa kunata, khao niao. Wali huo huletwa ndani ya kikapu kidogo cha mwanzi chenye kifuniko. Unamega, unaviringa tonge kwa vidole, unachovya kwenye pilipili ya kuponda. Kwenye kijiji cha Kiou Kacham mama mwenye duka aliniwekea kijiko na uma, nami nikavisogeza pembeni nikaviringa tonge kama tunavyoviringa sima. Aliita jirani zake waje waone. Nadhani walikuwa wamezoea wageni wanaokula ule wali kwa uma.

Kilomita mia na hamsini na kitu za kwanza hadi Vang Vieng sina mengi ya kuzisemea. Zilikuwa vumbi na malori. Wakati ule Wachina walikuwa wanajenga reli kutoka mpakani Boten hadi Vientiane, na nguzo za madaraja zilikuwa zimesimama katikati ya mashamba ya mpunga. Ungedhani uko Mazeras wakati wa SGR yetu. Na wao, kama sisi, walijenga kwa deni la China. Nilizitazama zile nguzo nikawaza watoto watakaokuja kulipa, wa kwao na wa kwetu. Reli ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 2021, na siku hizi Vientiane hadi Luang Prabang ni chini ya saa mbili. Utaambiwa upande treni. Ukichoka, panda, hakuna aibu. Vang Vieng yenyewe ina majabali mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, yametoka ardhini wima kama meno, lakini mji ni wa vijana wa kigeni wanaolewa mtoni. Mwishoni mwa 2024 wageni sita walikufa huko kwa pombe yenye sumu. Wewe hunywi, mwenzako sijui. Mwambie.

Baada ya Kasi ndipo safari inapoanza. Kutoka Kasi hadi Phou Khoun ni kilomita arubaini na kitu tu, na zilinichukua siku nzima. Gia ya chini kabisa, jasho linadondoka kwenye usukani, unazunguka kona ukidhani umefika juu kumbe barabara inaonekana tena upande wa pili wa bonde, juu zaidi, nyembamba kama uzi. Kabla sijamaliza kijiji cha kwanza spoku ya gurudumu la nyuma ikakatika. Fundi wa pikipiki akaacha kazi yake, akatoa gurudumu, akakosa ufunguo wa spoku akatumia koleo, akiizungusha rimu na kuisikiliza, sikio karibu na tairi. Nilipotoa pesa akasema "bo pen nyang", yaani haina neno, kwa sauti ile ile ambayo watu wa kwetu husema haina neno. Nikamwachia ndizi kwa nguvu.

Sasa watoto. Kila mtu aliyepita Laos kwa baiskeli atakuambia habari za watoto. Wanatoka mbio kwenye nyumba za mwanzi, wanapiga kelele "Sabaidee! Sabaidee!" mpaka ufike, wananyoosha viganja upige navyo ukipita. Siku ya kwanza nililia, wallahi, kwa furaha. Siku ya nne sauti ilikuwa imenikauka, mikono inauma, na kila kijiji kilikuwa kinangoja salamu yake. Ukweli ndio huo. Na wewe ni mweusi kama mimi: wapo waliokimbilia nyuma ya mama zao, na bibi mmoja alinisugua mkono kwa kidole gumba aone kama rangi itatoka. Alicheka, nami nikacheka. Mara ya tano kwa siku moja, kucheka kunataka nguvu. Jiandae kwa hilo moyoni, maana hakuna atakayekuandaa.

Sikiliza habari ya picha.

Kwenye vile vijiji vya mlimani bomba la maji liko kando ya barabara, moja kwa kijiji kizima, na jioni watu huogea hapohapo. Nilikuwa nimepanda tangu asubuhi, jua linazama, mwanga ule wa dhahabu, na pale bombani msichana wa rika lako alikuwa anajimwagia maji kwa kopo, amejifunga kitambaa kwapani kama mamako anavyojifunga leso. Nikasimama. Mguu mmoja chini, kamera mkononi. Nikaiinua. Akaniona. Hakupiga kelele wala hakukunja uso. Alinigeuzia mgongo tu, taratibu, akaendelea kujimwagia maji.

Mgongo ule nilikuwa nimeshauona. Nilikuwa na miaka saba au minane, tunakaa Kuze, nyanyako anafua nje kwenye karai, leso kwapani. Wazungu walikuwa wakishuka kutoka Fort Jesus na kamera shingoni, wanapita vichochoroni kwetu. Mmoja akasimama mbele yetu akampiga picha mara nyingi, karibu sana, bila kusema hata jambo. Nyanyako akageuka hivyohivyo, akaendelea kufua. Usiku sikumsikia akilalamika. Lakini tangu siku ile alifulia ndani, uani, pasipo na upepo.

Kwa hivyo miaka hamsini baadaye nilikuwa nimesimama kwenye mlima wa watu, na mimi ndiye mwenye kamera. Nikaitia kwenye mkoba wa mbele, nikaufunga. Picha kumi unazozijua zote ni za kabla ya jioni ile. Zitazame tena, utaona milima, mto, baiskeli, na watoto ambao sikuwaomba ruhusa. Ya kumi na moja ni ya yule mama wa Kiou Kacham na mjukuu wake. Hiyo aliitaka mwenyewe, alinionyesha kwa ishara, akaenda kwanza kuchana nywele. Mjini Luang Prabang niliisafisha nikamtumia kwa dereva wa basi, na natumai ilimfika.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia wasafiri wakisema watu wa Laos ni maskini lakini wana furaha. Hayohayo ndiyo yaliyosemwa juu yetu, na mpaka leo yanasemwa. Mtoto anayekuchekea barabarani amekuchekea wewe, mgeni wa ajabu uliyetokea na baiskeli. Hajakuambia kama amekula. Nimeona shule zenye sakafu ya udongo, nimeona mama mjamzito akiteremka mlima na kuni mgongoni jioni ile ile niliyosalimiwa na watoto mia. Walinikarimu, na maisha yao ni magumu. Yote mawili niliyaona mahali pamoja.

Pale Phou Khoun barabara inagawanyika. Barabara ya 13 inaendelea Luang Prabang, na ya 7 inakwenda mashariki, kilomita mia na thelathini na kitu, hadi Phonsavan. Wengi hawakunji. Mimi nakuomba ukunje, hata kama itakuongezea siku nne au tano, kwa sababu bila ya jimbo hilo la Xieng Khouang utakuwa umeiona nchi nusu.

Siku ya pili kwenye barabara hiyo nilihisi haja ndogo. Unajua mazoea yetu, mwanamume anatazama huku na huku, anaingia porini. Niliegemeza baiskeli nikapiga hatua tatu nne kwenye majani. Mwanamke aliyekuwa anakuja barabarani na kikapu mgongoni akapaza sauti, "Bo dai! Bo dai!" Nikageuka. Akaelekeza kidole chini kwenye majani, akakusanya vidole vyake pamoja, kisha akavifungua ghafla na kutoa sauti kwa mdomo, "bum". Nikarudi nikikanyaga nyayo zangu mwenyewe, moja moja, mpaka lami.

Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani zilidondosha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, katika safari zipatazo 580,000. Ukigawanya kwa miaka tisa, ni shehena ya ndege moja kila dakika nane, usiku na mchana. Vita vyenyewe vilikuwa vya Vietnam, na huku Laos vilifanywa kwa siri. Mengi yalikuwa mabomu yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja ukubwa wa chungwa. Wenyewe wanaviita bombi. Vingi havikulipuka vilipoanguka, inakadiriwa hadi milioni 80, na vimelala mashambani mpaka leo. Tangu vita viishe, zaidi ya watu elfu ishirini wameuawa au kujeruhiwa, wengi wao wakilima, wakiwasha moto wa kupikia juu ya ardhi ambamo bombi limejificha, au watoto wakidhani wameokota mpira. Obama, ambaye sisi Wakenya tulimwita mtoto wetu, mwaka 2016 alikuwa rais wa kwanza wa Marekani aliye madarakani kufika Laos, akaahidi dola milioni 90 kwa kazi ya kusafisha. Ardhi ni kubwa. Wanasafisha kwa mkono, hatua kwa hatua, na kifaa kinacholia.

Phonsavan utaenda kuona Bonde la Mitungi. Ni mitungi ya mawe, mingine inakupita kimo, imechongwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita na watu ambao hatujui majina yao. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwezi Julai 2019, miezi sita baada ya mimi kupita. Ukiingia, tazama chini. Kuna vipande vya saruji ardhini, upande mmoja mweupe, mwingine mwekundu. Upande mweupe umesafishwa hadi chini ya udongo. Upande mwekundu ni juu juu tu. Tembea kwenye weupe, na ukiona mtungi mzuri uko upande wa pili, uache.

Pia nenda Muang Khoun, mji mkuu wa zamani wa jimbo, kilomita thelathini hivi kutoka Phonsavan. Ulipigwa mabomu mpaka ukaisha. Kwenye hekalu la Wat Phia Wat paa halipo wala kuta, zimebaki nguzo za matofali, na katikati ameketi Budha mkubwa, uso umeungua na jicho moja kama limeyeyuka. Nilikaa pale kivulini, mimi Mwislamu wa Mombasa, mbele ya sanamu, na nilichofikiria ni watu waliokuwa wakiswali dini yao pale asubuhi moja.

Halafu Ban Napia. Hapo ndipo kijiko kilipotoka. Kile chepesi, cha mpini mfupi, kwenye droo yetu ya jikoni, ambacho umekuwa ukikorogea uji kila ukija nyumbani. Mwenye nyumba alikuwa na tanuri dogo la udongo uani. Alitia ndani vipande vya alumini ya chakavu cha vita, akangoja mpaka ikawa kama maziwa mazito, akaiteka kwa upawa akaimimina kwenye kalibu ya mbao iliyojazwa jivu. Akahesabu kimya kidogo, akaifungua, kijiko kikaanguka. Kazi ya dakika moja. Mafundi wetu wa sufuria hufanya kazi hiyohiyo, isipokuwa wa kwetu wanayeyusha injini za magari. Nilinunua kimoja, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema, maana anayenunua vyuma vile anamfanya mtu mwingine aende kuvitafuta. Lakini watoto wa mtu yule walikuwa wamesimama mlangoni. Nikalipa. Ukifika utaamua mwenyewe.

Luang Prabang ni mji wa kupendeza kweli, sitakudanganya, una mahekalu, mito miwili, na mkate wa Kifaransa uliobaki kwa wakoloni. Alfajiri watawa wa Kibudha hutoka kwa mstari kupokea sadaka ya wali, pekupeku, vijana wadogo kabisa nyuma. Wageni walikuwa wengi kuliko watoa sadaka. Waliwasogezea watawa kamera usoni, na taa za kamera ziliwamulika watoto wale machoni. Nenda ukasimame ng'ambo ya barabara, mabega yafunikwe, usiseme kitu. Inatosha.

Kwa usalama wa wanawake wawili, sikuona cha kunitisha. Gesti zipo kila mji mdogo, safi, viatu huachwa mlangoni. Hofu yangu ni ajali. Hospitali ni chache na ziko mbali, na wagonjwa mahututi huvushwa Thailand, kwa hiyo bima usiipuuze. Kuna barabara mpya inayokata kutoka Kasi moja kwa moja hadi Luang Prabang. Ni fupi, lakini mteremko wake ni mkali mno, breki zako hazitaiweza na mizigo. Piteni Phou Khoun. Chukua spoku sita za akiba, na ufunguo wake.

Nenda, mwanangu. Umeniuliza kulikuwaje, na jibu langu ni hilo lote, pamoja na yale yaliyonichosha. Mikoba yangu ya baiskeli iko stoo, juu ya lile pipa la maji. Wa kushoto una kiraka lakini hauvuji. Kijiko pia, ukitaka kwenda nacho, nimeshamwomba mamako.

Nijulishe tarehe ikibadilika.

Baba'ko